Fanicha kuukuu ni kazi Migori na Homa Bay, ila mteja mkubwa bado ananunua mpya

Shule, zahanati na ofisi nyingi za umma nchini zinafanana kwa jambo moja. Zunguka nyuma ya jengo utakuta rundo: madawati yaliyong'oka miguu, viti visivyo na mgongo, kabati lisilo na mlango, meza ya mwalimu mkuu wa enzi hizo. Mvua inalinyeshea, jua linalichoma, kuku wanataga ndani ya droo. Kisha msimu wa bajeti ukifika tunaambiwa fanicha mpya zitanunuliwa.

Leo nataka tuliongelee rundo hilo kama suala la kazi, hasa kwa sisi vijana wa Migori na Homa Bay. Kurekebisha fanicha ya mbao, kuipaka rangi na kuipamba ni biashara ambayo wasee wa rika langu wanaijaribu, wengi wakiwa na simu kama mwalimu wao. Wengi pia huiacha baada ya miezi michache wakisema hailipi. Mimi nasema inalipa, lakini si kwa jinsi tunavyoifanya, kitu kimoja kimoja, huku yule mwenye rundo kubwa kuliko wote amekaa pembeni akisaini karatasi za kununua vipya.

Kwanza tuelewe kwa nini kitu cha zamani kimepata bei. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Aliyetangaza alikuwa William Ruto, wakati huo naibu wa rais, na ilisemekana ni ya siku 90 tu. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena, mpaka Julai 2023 alipoiondoa mwenyewe akiwa Rais. Mwezi uliofuata mahakama ikasimamisha uamuzi huo kwa muda. Katika miaka hiyo yote mafundi walitegemea mbao za mashamba ya watu binafsi na zile za kutoka Tanzania, Uganda na Kongo. Migori angalau iko karibu na mpaka wa Isebania. Ukiwa Mbita, kila ubao unaoletwa unabeba nauli yake.

Kuna na ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 inatoza asilimia 30 kwa fanicha zinazoagizwa kutoka nje, isipokuwa zile za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinazotimiza masharti ya kuonyesha zimetengenezwa huko kweli. Unakumbuka sarakasi yake: Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliitupa sheria nzima, Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikairudisha. Lengo lilikuwa kumlinda fundi wetu dhidi ya makochi ya kontena. Sina ugomvi na lengo hilo. Lakini sheria hiyo hiyo ikaweka asilimia 15 kwa rangi, vanishi na laka za kutoka nje. Utasema rangi tunazonunua sisi hutengenezwa hapa hapa, Crown na Basco wako Kenya. Ni kweli, ila mtengenezaji wa hapa akijua mshindani wake wa nje amepandishiwa bei, hana haraka ya kukushushia wewe.

Kwa hivyo mbao mpya ni ghali, kochi la nje ni ghali, na katikati kuna meza ya mama yako ambayo mbao zake zilikatwa na kukauka zamani, kabla hata wewe hujazaliwa. Hiyo ndiyo mali. Fundi yeyote wa mbao atakwambia kwamba ubao uliokaa miaka 30 ndani ya nyumba haupindi tena, ulishapinda ukamaliza.

Na soko la nyumbani lipo. Kijana wa Kijaluo akifika umri wa kujitegemea anajenga simba, ile nyumba yake ndogo ndani ya boma la baba yake. Simba haina fanicha mpya. Ina kitanda kilichotoka chumba cha kaka aliyehamia Nairobi, meza iliyokuwa jikoni, na viti viwili visivyofanana. Zamani ulivikubali vilivyo. Sasa kijana huyo huyo ana simu, ameona video ambamo kabati chafu linageuka la kijani kibichi lenye vishikio vya dhahabu ndani ya sekunde 40, naye anataka chumba chenye sura. Hata nyumba za kupanga za Rongo, karibu na chuo kikuu, na za Homa Bay mjini ni vivyo hivyo: mwanafunzi au mfanyakazi mpya ana chumba kimoja na pesa kidogo, lakini hataki kuishi kama anayesubiri gari stendi.

Zile video zina shida yake. Mtindo wenyewe, wa rangi isiyong'aa inayofanana na chaki, umetoka mbali. Annie Sloan, mpaka rangi wa Uingereza, ndiye aliyetengeneza Chalk Paint mwaka 1990, na sifa yake kuu ni kwamba unaweza kuipaka bila kukwangua sana kilichopo chini. Vijana wetu wanaiga kwa kuchanganya rangi ya maji na plasta ya Paris ya hadware. Inafanya kazi, nimeiona. Lakini inataka nta au vanishi juu yake, na ile hatua ya nta ndiyo watu huiruka kwa sababu video nazo huipitisha haraka. Weka kikombe cha chai ya moto juu ya meza ya namna hiyo mara tatu, utapata duara jeupe ambalo halitoki. Mteja anarudi. Akirudi mmoja, mtaa mzima umejua.

Kazi ya kweli iko kabla ya rangi. Unaosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu ili mafuta ya mikono ya miaka yote yatoke. Unakagua chini ya meza na nyuma ya kabati, pale ambapo hakuna anayeangalia, utafute vitundu vidogo na unga mwembamba. Hao ni wadudu wa mbao, na rangi haiwaui. Unagongoa viungo vilivyolegea, unatia gundi, unafunga kwa kamba au vibano mpaka kesho yake. Halafu msasa, mkali kwanza, laini baadaye, ukifuata mkondo wa ubao. Andakoti. Rangi nyembamba mara mbili, si nzito mara moja. Hapo ndipo unaweza kuanza mapambo: kukata maua kwa kartoni na kupitisha rangi, kubandika kipande cha leso mbele ya droo kwa gundi ya mbao kisha vanishi juu, au kukwaruza kingo ili rangi ya chini ionekane. Jirani zetu wa Tabaka kule Kisii wamefanya hivyo kwenye mawe ya sabuni tangu zamani: wanapaka rangi, wanachora kwa ncha kali, weupe wa jiwe unajitokeza. Hatuhitaji kwenda Uingereza kujifunza wazo hilo.

(Na tafadhali, ukikuta kiti cha mvule au cha siala kilichotulia, usikipake rangi ya waridi. Kikwangue, kitie mafuta, kiache kionekane. Kuna mbao ambazo rangi ni matusi kwake.)

Sasa tufanye hesabu. Hii ni ya mfano, weka bei za duka la kwenu. Tuseme umenunua meza ndogo ya sebuleni iliyochakaa kwa Sh800. Msasa Sh200, andakoti Sh350, rangi Sh450, vanishi Sh400, thina Sh150. Umetumia Sh2,350. Ukiiuza Sh4,500 umebaki na Sh2,150. Kwa kazi ya siku mbili hiyo ni zaidi ya Sh1,000 kwa siku, si mbaya hata kidogo. Ila rangi ya mafuta haikauki kwa kuambiwa. Ikifika Aprili na mvua, au ukiwa karibu na ziwa asubuhi zenye unyevu, siku mbili zinakuwa nne, na faida yako imeshuka hadi Sh537 kwa siku. Bado hujalipa boda aliyeileta. Bado hujalipia sehemu unayofanyia kazi.

Ndiyo maana watu wanaacha. Mikono yao iko sawa, kinachowala ni kusubiri. Ukiwa na meza moja unasubiri ikauke huku umekaa. Ukiwa na viti 60, unapaka cha kwanza, na ukimaliza cha mwisho kile cha kwanza kimekauka. Mkebe wa lita 20 unakuja kwa bei nafuu kwa lita kuliko vile vidogo. Boda anageuka pikapu moja. Kazi hii hulipa kwa wingi, na hakuna mtu mwenye viti 60 vya aina moja isipokuwa taasisi.

Kabla hatujafika huko, kuna jambo ambalo sipendi jinsi tunavyolichukulia kwa wepesi. Rangi za zamani za mafuta, hasa za manjano, nyekundu, chungwa na kijani kinachong'aa, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Viwango vya sasa vya Kenya haviruhusu zaidi ya sehemu 90 kwa milioni, lakini kitanda au kabati lililopakwa rangi zamani halikusoma viwango hivyo. Ukikipiga msasa kikavu ndani ya nyumba, vumbi linatua sakafuni, mtoto anatambaa, anatia mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo kwa sababu madini hayo huharibu ubongo unaokua. Kama unadhani ni hadithi za wazungu, uliza Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi kwa risasi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe Sh1.3 bilioni. Kochi lako si kiwanda, najua. Madini ni yale yale.

Dawa yake ni rahisi: lowesha. Kuna msasa wa maji, mweusi, unaouzwa kwa mafundi wa magari. Piga msasa ukiwa umelowa, nje, watoto wakiwa mbali, kisha futa tope kwa kitambaa ukitupe. Funika pua na mdomo. Oga kabla ya kumbeba mtoto. Mafundi wengi hawafanyi hivyo kwa sababu hakuna aliyewaambia, na anayetoa mafunzo kwenye simu yuko nchi nyingine akitumia mashine inayofyonza vumbi.

Ufundi wa rangi kwenye mbao si mgeni huku, hilo nalo tuliseme. Juni 1, 2025 sherehe za Madaraka zilifanyika Homa Bay, na mada ya mwaka huo ilikuwa uchumi wa buluu. Wengi wakisikia uchumi wa buluu wanafikiria omena na bandari. Mimi hufikiria pia yule anayepaka boti. Nenda ufuoni Mbita au Rusinga uangalie mitumbwi: ubavu wenye mistari ya pembetatu, buluu juu ya nyeupe, nyekundu imepita katikati, na jina la boti limeandikwa kwa mkono bila hata herufi moja kuinama. Mtu huyo anafanya kazi kwenye ubao wenye mkunjo ambao utakaa majini mchana na usiku. Ukimpa mlango wa kabati, ubao bapa uliolala kivulini, atacheka. Lakini mchora boti hajui kama kuna mtu anataka kabati, na muuza makabati wa mjini anapakua maua ya Ulaya kwenye simu. Mimi ningelipa zaidi kwa kabati lenye mstari wa boti ya Rusinga kuliko lolote lenye maua ya waridi, na sidhani niko peke yangu. Watalii wanaokuja visiwani wananunua nini cha kubeba kwa sasa? Vijiwe vya Tabaka, ambavyo si vya huku.

Turudi kwa yule mteja mkubwa. Mwaka 2020, wakati wa corona, serikali ilitenga Sh1.9 bilioni mafundi wa mitaani watengeneze madawati zaidi ya 600,000 ya shule za umma. Gawanya mwenyewe, ni kama Sh3,000 kwa dawati. Pesa zilifika kwa jua kali, na hilo lilikuwa jema. Ninachouliza ni kwa nini agizo la namna hiyo likija huwa ni la vipya pekee. Dawati lililong'oka mguu mmoja na kuchubuka juu halihitaji Sh3,000. Linahitaji mguu, skrubu, msasa na vanishi.

Jibu lipo kwenye karatasi. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inajua kununua na inajua kuuza kilichochakaa. Kamati ya uuzaji inakaa, inatangaza kwamba kitu hakifai tena, kinapigwa mnada au kinauzwa kwa zabuni. Katikati ya hayo mawili, kukarabati kunaruhusiwa kabisa, ila hakuna mtu anayesukuma. Zabuni ya kununua ina pesa nyingi, na penye pesa nyingi pana watu wengi wenye hamu. Ukarabati wa viti 60 hauna utepe wa kukata wala picha ya mgeni wa heshima. Sitaji mtu, mnajua mambo yanavyoenda.

Tena kuna ile asilimia 30 ya zabuni za serikali iliyotengewa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Vijana wengi niliowasikia wakizungumzia mpango huo wanautazama kama njia ya kuuza bidhaa: unanunua kalamu mahali, unaziuza kwa kaunti, unasubiri malipo mpaka nywele ziwe mvi. Kuuza huduma ya kukarabati ni tofauti kidogo. Mtaji wako ni msasa, rangi na mikono, hivyo hata malipo yakichelewa hujazika nusu milioni ya mkopo. Sh50,000 za mradi wa NYOTA zinaweza kuanzisha kazi hiyo. Hustler Fund, ambayo huanzia Sh500 na kuishia Sh50,000, nayo haitoshi kununua shehena ya viti vipya vya ofisi, lakini inatosha rangi na msasa wa kukarabati vya chumba kimoja.

Tusikosee mlango wa kubisha, lakini. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali kuu, na madawati yake mengi hununuliwa kupitia hazina ya maendeleo ya maeneobunge. Migori ina maeneobunge manane, Homa Bay manane pia. Kumlilia gavana kuhusu dawati la darasa la sita ni kupoteza muda. Kaunti inamiliki shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na ofisi zake yenyewe. Na kwa maoni yangu, chekechea ndiyo pa kuanzia. Viti vyake ni vidogo na vingi, vinavunjika kila muhula, na vinatakiwa vipakwe rangi za kuchangamsha. Mtu anaweza kuchora samaki, mtumbwi, herufi na nambari, kazi ya mapambo halisi na si kupaka tu.

Hapo hapo ndipo lile suala la risasi linakuwa kali zaidi, kwa sababu anayekikalia kiti hicho bado anakilamba. Kaunti ikitoa kazi hiyo bila kuandika kwenye mkataba kwamba rangi lazima iwe ya kiwango na msasa lazima uwe wa maji, ni heri viti viendelee kunyeshewa huko nyuma.

Kuna wanaosema fundi wa mitaani hana cheti, kaunti haiwezi kumpa kazi. Kwangu mimi, ambaye niliacha chuo kabla ya kumaliza, maneno hayo nayajua kwa sauti zote. Lakini majaribio ya ufundi ya NITA yapo, ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, kwa seremala na kwa mpaka rangi, na hayakuulizi ulikaa darasani miaka mingapi. Unafanya kazi mbele ya mtahini, anaiona. Siku hizi kuna pia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mchora boti wa Mbita mwenye miaka 20 kwenye kazi akipewa karatasi hiyo, kisingizio kimoja kimeondoka. Chuo cha ufundi kama Mawego kinaweza kuongeza somo fupi la vumbi, risasi na vanishi, na sidhani litahitaji hata wiki mbili.

Bajeti za kaunti hufika bungeni kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na kabla ya hapo lazima wananchi waulizwe maoni. Vikao hivyo hujaa wazee na wanaotafuta nauli, vijana huwa wachache. Ukienda, omba kitabu chenyewe, si muhtasari, na utafute mistari miwili katika kila idara. Wa kwanza una nambari 3111000, ni wa kununua fanicha na vifaa vya ofisi. Wa pili ni 2220200, wa kutunza na kukarabati mali nyingine. Linganisha pesa za mistari hiyo miwili kwenye idara inayosimamia chekechea, kisha simama uulize, mbele ya watu na kwa jina lako, rundo la nyuma ya shule ya kwenu liko kwenye mstari gani.